Bidhaa Muhimu

Kibali kiliandikwa: mayai.
Trei sitini, Kisauni hadi Malindi, bidhaa muhimu.
Hakikumtaja Swabra, miaka saba,
wala Twaha, minne na nusu (hiyo nusu haiachi),
wala Lubna aliyelala kifuani mwangu
akinuka maziwa na manyoya ya kuku.

Probox si yetu. Ni ya shemeji Mbarak,
aliyekuwa akiuzia mahoteli
mpaka mahoteli yakafungwa, na kuku wasiambiwe.

Mtwapa walitupima. Kilifi, darajani, wakatupima tena.
Mara ya kwanza Twaha alifumba macho,
akidhani ile ni bunduki.
Mara ya pili alitoa paji lake mwenyewe, kama anayengoja busu,
akauliza, "Nimepata ngapi?"
"Thelathini na sita nukta nne."
"Na Swabra?"
"Nukta sita."
Basi msitu mzima wa Arabuko tuliupita kwa kilio:
kwa nini Swabra amemshinda.

Naye Swabra alikuwa kimya mno.
Nilipogeuka nikakuta ametapika ndani ya barakoa,
ile niliyomshonea usiku kwa upindo wa dera langu.
"Ulisema nisiivue," akaniambia. "Ulisema hata iweje."
Kweli nilisema.

Gede: mapipa mawili, ubao wa misumari.
Askari mrefu, barakoa imemshukia kidevuni,
alisoma kibali, akachungulia nyuma,
akahesabu kwa kidole: trei, trei, trei, mtoto, mtoto.
"Na hawa nao ni mayai?"
Shekuwe, mume wangu, ambaye maneno yake huyatoa kwa mizani,
alishika usukani kwa mikono miwili.
"Ndiyo, afande. Ukiwadondosha hawaokoteki."

Jua la saa saba. Hakuna aliyecheka.
Kisha Lubna akapiga chafya,
chafya ndogo, ya vumbi,
na yule mtu akaruka nyuma hatua tatu
kama aliyemwagiwa uji,
akapandisha barakoa, akapunga mkono: nendeni! nendeni!
Kicheko kilitufikia kwenye uwanja wa ndege,
ambapo ndege moja ilivishwa turubai
na mbuzi walikuwa wamejilaza chini ya bawa lake.

Trei hamsini na nane tukazishusha hospitali. Mbili zikabaki.

Shela, kwa mama. Mama ana pumu.
Alikuwa amechora mstari wa mkaa kukata baraza,
yeye ndani, sisi nje,
na upande wetu kigoda, sabuni, mahamri chini ya kawa.
Nilimwinua Lubna juu kama dalali mnadani.
"Huyu hapa, mama. Miezi mitatu."
"Mgeuze." Nikamgeuza.
"Kisogo cha babake. Miguu?"
Nikavua soksi.
Akaitazama ile miguu muda mrefu,
vidole kumi, akivihesabu labda.
"Ukimwogesha, usisahau hapa,"
akajigusa nyuma ya sikio lake mwenyewe.

Twaha alitoka garini na yai mkononi.
Alisimama ncha za vidole kwenye mkaa, asiuvuke,
akanyoosha mkono wote:
"Toa paji la uso."
Mama akainama. Sikumbuki lini nilimwona akimwinamia mtu.
"Thelathini na sita nukta nne," akasema Twaha. "Sawa na mimi. Pita."

Mama aliutazama mstari.
Akatutazama.
"Kafyu saa moja," akasema. "Ondokeni mapema, barabara mbovu."
Barabara si mbovu.
Twaha aliliweka yai juu ya mkaa, akalizuia kwa kokoto lisiviringike.

Saa tatu usiku simu ikalia.
"Mmefika?"
"Tumefika."
"Lile yai nimeliosha kwa sabuni, nimelikaanga.
Lina viini viwili."
Halafu nikamsikia akitafuta pumzi, kwa muda,
nami nimekaa na simu sikioni, gizani,
nisijue ni pumu au anacheka.